Mwenye Kutaka Kupasuliwa na Amwarifu Mwajiri Wake Mapema

Katika mambo yanayowapotezea watu kazi zao, ugonjwa si jambo la kwanza. Mara nyingi la kwanza ni kunyamaza. Mtu huambiwa na daktari kwamba imempasa kupasuliwa, naye hurudi kazini kana kwamba hakuambiwa neno. Huogopa kwamba akisema atafukuzwa, au huona haya kuutaja ugonjwa wenyewe, au husema moyoni mwake, "Na ningoje msimu upite kwanza." Mwisho wake huanguka siku moja, akachukuliwa hospitali usiku, na asubuhi kazini hapana ajuaye aliko.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu namna njema ya kumwarifu mwajiri, na haki ambazo sheria ya Tanzania Bara humpa mfanyakazi mgonjwa. Twawaomba walimu na wakubwa wa vijiji wayasome maneno haya pole pole, kwa kuwa wao ndio wanaoombwa kuandika barua za watu na kuamua shauri zao.

WAPAKIAJI WAWILI

Na tuchukue mfano. Tuseme wako wapakiaji wawili katika ghala la korosho upande wa kusini. Wote wawili wana ngiri, yaani kipande cha utumbo kimepenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo, kikatokeza uvimbe kinenani. Mwezi wa Julai daktari amewaambia wote maneno mamoja: kwamba ngiri haiponi kwa dawa ya kunywa, na kwamba kuinua magunia huizidisha. Nao wote wajua ya kuwa minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba, na hapo kazi ya ghalani huwa nyingi mno.

Yule wa kwanza alikwenda kwa mnyapara juma lile lile, kazi ilipokwisha na watu wametawanyika.

"Shikamoo, bwana. Nina neno la faragha."

"Marahaba. Sema, bwana."

"Daktari amesema sharti nipasuliwe. Naweza kupasuliwa mwezi wa Agosti, nikarudi kabla ya minada. Hati yake hii hapa."

Mnyapara hakufurahi, kwani hapana anayefurahi kupungukiwa na mtu. Lakini alikuwa na majuma ya kutafuta mtu wa kushika nafasi. Mpakiaji yule alipasuliwa Agosti, akapumzika majuma sita kwa kuwa kazi yake ni ya kuinua mizigo, na katikati ya Septemba alikuwa amekwisha rudi.

Yule wa pili alificha. Akajifunga kitambaa kiunoni, akaendelea kubeba. Mwezi wa Novemba, magunia yalipokuwa yamejaa, ngiri yake ilibanwa isirudi ndani. Akashikwa na maumivu makali na kutapika. Ngiri ikibanwa hivi, damu haifiki katika kile kipande cha utumbo, na kwa muda wa saa chache tu huanza kufa. Alipasuliwa usiku, na sehemu ya utumbo wake ikakatwa. Uhai wake uliokoka, nasi twashukuru. Lakini jamaa zake walikuwa katika kumwuguza, wala hapana aliyekwenda ghalani kusema neno. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuta mtu mwingine mahali pake, na jina lake limeandikwa kuwa ni mtoro.

Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Kilichowatenga ni maneno machache yaliyosemwa mwezi wa Julai.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara wote, na siku 63 za pili hulipwa nusu ya mshahara. Basi mpakiaji wetu wa kwanza, aliyepumzika siku 42, alilipwa mshahara wake wote, tena zilimbakia siku 21 za mshahara kamili katika mzunguko ule.

Lakini haki hii ina sharti. Mwajiri halazimiki kumlipa mgonjwa asiyeleta hati ya daktari aliyesajiliwa. Hati ya tabibu mwingine yafaa ikiwa mwajiri ameikubali, wala hana ruhusa ya kuikataa bila sababu ya maana. Wafanyakazi wengi huiita hati hiyo "ED". Asiyekuwa nayo, hata akiwa mgonjwa kweli, hana cha kumwonyesha mlipaji.

Jambo jingine ni hili. Waajiri wengine humwambia mgonjwa, "Chukua likizo yako ya mwaka ukapasuliwe." Sivyo. Likizo ya mwaka ni ya kupumzika, nayo ni siku 28. Sheria haimruhusu mwajiri kuitumia mahali pa likizo ya ugonjwa.

Kwa kawaida haki ya likizo yenye malipo humpata mtu aliyekwisha tumika miezi sita. Vibarua na watu wa msimu wana maneno yao mbali katika sheria. Na wamwulize afisa kazi kabla ya kukata tamaa. Walimu na watumishi wengine wa Serikali wana kanuni zao za utumishi, nao hupitisha maombi yao kwa mkuu wao wa kazi. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Tena mtu wetu anayefanya kazi Kenya asihesabu kwa sheria ya huku. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 huanza kumpa mtu haki baada ya miezi miwili ya kazi, lakini siku zenyewe ni chache: zisizopungua 7 za mshahara wote na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, ila mkataba wake ukimpa zaidi.

NAMNA YA KUSEMA

Mwenye kwenda kumwarifu mwajiri na aende na mambo manne. La kwanza, tarehe ya kupasuliwa. La pili, siku ambazo daktari amesema apumzike. La tatu, hati yenyewe. La nne, shauri lake juu ya kazi atakayoiacha: ni nani ajuaye kuifanya, na funguo au vitabu atamkabidhi nani. Jambo hili la nne halitajwi na sheria, lakini ndilo linalotuliza moyo wa mwajiri kuliko yote, kwani humwonyesha kwamba mgonjwa hakuitupa kazi yake.

Kabla ya hayo, amwulize daktari vema juu ya kazi anayoifanya. Siku za kupumzika si sawa kwa watu wote. Aliyepasuliwa ngiri, naye ni karani wa kukaa mezani, huenda akarudi baada ya juma moja au mawili. Mwenye kubeba mizigo hungoja majuma manne mpaka sita. Mwanamke aliyetolewa mji wa mimba kwa kupasuliwa tumbo huhitaji kwa kawaida majuma sita au zaidi. Daktari asipoambiwa kazi ya mtu, ataandika siku zisizomfaa.

Wengi hutuuliza, "Je, ni lazima nitaje ugonjwa wangu?" Twajibu: mwajiri ana haki ya kujua kwamba u mgonjwa kweli, na siku ambazo hutakuwapo, na kazi usiyoweza kuifanya utakaporudi. Si lazima ayajue ya mwili wako yote. Mwanamume mwenye busha, au mwanamke mwenye uvimbe katika mji wa mimba, yamtosha kusema, "Nina ugonjwa unaotaka kupasuliwa, na daktari amethibitisha." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya ya mtu katika habari nyeti. Kwa hiyo mwajiri aliyepewa hati haimpasi kuibandika ukutani wala kuizungumza na watu wa kazini.

BARUA

Maneno ya mdomo ni mema, lakini husahaulika, na mnyapara aweza kuhama. Basi baada ya kusema, na aandike. Mfano wa barua ni huu:

"Kwa Bwana Meneja. Kwa heshima, mimi mpakiaji katika ghala lako naomba likizo ya ugonjwa. Daktari amenipangia kupasuliwa tarehe 6 Agosti, kisha nipumzike, jumla siku 42. Nataraji kurudi kazini tarehe 17 Septemba, daktari akiridhika. Hati yake nimeiambatisha. Funguo za mlango wa nyuma nitamkabidhi mnyapara siku moja kabla ya kuondoka. Kukiwa na neno, nitapatikana kwa namba ya simu iliyo chini, ama kwa ndugu yangu ambaye namba yake nimeiandika pia. Wako mtiifu."

Barua na iwe mbili. Moja apewe mwajiri, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, au itiwe sahihi na tarehe, kisha mgonjwa aiweke nyumbani. Kama habari imepelekwa kwa ujumbe wa simu, ujumbe huo usifutwe. Karatasi hii ndogo imewaokoa wengi.

UGONJWA WA GHAFULA

Lakini si kila ugonjwa hupiga hodi. Mtu akishikwa usiku, jamaa zake na wafanye mambo mawili: wamfikishe hospitali, na kesho yake mmoja wao aende kazini au apige simu. Kwa kanuni za mwenendo bora za mwaka 2007, kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ugonjwa ni sababu ya kukubalika, ila yapasa ujulikane. Kwa hiyo mke au mume wa mfanyakazi, na hata watoto walio wakubwa, wajue jina la mkubwa wake wa kazi na namba yake ya simu. Mpakiaji wetu wa pili angaliokolewa na simu moja.

Siku za kupumzika zikizidi zile zilizoandikwa, kwa mfano kidonda kikichelewa kupona, mgonjwa aombe hati nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha, aipeleke.

MWAJIRI AKIKATAA

Wako waajiri wema, nao ni wengi, wako pia wasemao, "Ukienda kupasuliwa usirudi." Mtu aliyeambiwa hivi asigombane, wala asiache kupasuliwa. Na aandike maneno hayo pamoja na tarehe, kisha aende kwa chama chake cha wafanyakazi au kwa afisa kazi wa mahali pake.

Sheria haimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kwa ugonjwa ghafula tu. Imempasa kwanza kuangalia ugonjwa ni wa namna gani, ni wa muda au wa daima, na kama iko kazi nyepesi ya kumpa, kisha amsikilize mwenyewe. Aliyeachishwa bila haki apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba 1, nayo ifike katika siku 30 tangu kuachishwa. Akichelewa, itambidi kwanza aeleze sababu za kuchelewa kwake, na huenda zisikubaliwe. Mpakiaji wetu wa pili, ikiwa hati zake za hospitali anazo, bado aweza kwenda huko akaeleza kwamba hakutoroka bali aliugua. Lakini na asikae nyumbani kulalamika mpaka siku zikamwishia.

Nanyi wenye maduka, mashamba na nyumba mlio na watumishi mmoja au wawili, msidhani kwamba mambo haya ni ya makampuni makubwa peke yake. Sheria humtaja mfanyakazi, wala haiulizi ghala ni kubwa kadiri gani. Mtumishi akija kwenu na hati ya daktari mkononi, amewapa nafasi ya kujitayarisha. Mkimkaripia, wenziwe waliosimama mlangoni watajifunza kuficha, na mwaka ujao atakayeanguka ataangukia katika kazi yenu.

Basi neno letu kwa mfanyakazi ni hili: siku ile daktari akuambiapo kwamba sharti upasuliwe, mwulize tarehe, mwulize siku za kupumzika, chukua hati, na kabla ya juma kwisha mwarifu mwajiri wako. Nanyi walimu, mtu akija jioni kwenu na karatasi tupu akiomba aandikiwe barua ya namna hii, tafadhali msimwambie aje kesho.