Je, Wajua? Bastola Iliyo Chini ya Mto

Je, wajua kwamba mwaka 2020 risasi ziliyapita magari kwa kuua watoto na vijana wa Marekani, wale wa umri wa mwaka 1 hadi 19? Kwa miongo mingi ajali za barabarani ndizo zilizokuwa zikiongoza.

Je, wajua kuwa utafiti wa 2021 ulikadiria watoto milioni 4.6 nchini humo wanaishi kwenye nyumba yenye angalau bunduki moja iliyojazwa risasi na isiyofungwa? Mwulize mwenye nyumba, atakujibu kwa swali: jambazi akivunja mlango saa nane usiku, nitaanza kutafuta funguo? Swali halali. Tutalirudia.

Je, wajua kwamba mtoto anajua bunduki ilipo? Huko Alabama, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwahoji wazazi na watoto wao kila mmoja kivyake. Kati ya wazazi waliosema mtoto wao hajui bunduki inawekwa wapi, asilimia 39 waliumbuliwa na mtoto mwenyewe. Juu ya kabati, chini ya godoro, nyuma ya mashuka ya wageni: huko ndiko watoto wanakopekua wakitafuta biskuti na nguo za sikukuu.

Je, wajua kuwa somo halitoshi? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa wawili au watatu kwenye chumba ambamo bastola halisi, isiyo na risasi, ilifichwa ndani ya droo. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliiona, 16 yakaishika, na katika makundi 10 alipatikana wa kuifyatua. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema wamewahi kufundishwa usalama wa silaha! Waliosema mtoto akililia wembe mpe walikuwa wakifikiria kidole, na kidole hupona.

Je, wajua kwamba mwaka 1887 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza bastola yenye kizuizi nyuma ya mpini, ambayo haifyatuki mpaka mpini ubanwe sawasawa? Ilitangazwa kuwa mtoto wa kawaida aliye chini ya miaka 8 hawezi kuifyatua. Wazo zuri, ila watoto wana mbinu. Mwaka 1995 watafiti walipima nguvu za vidole, wakakuta kwamba robo ya watoto wa miaka 3 na 4 wanaweza kufyatua bastola nyingi za sokoni wakitumia vidole viwili. Kwa wa miaka 7 na 8, ilikuwa asilimia 90.

Je, wajua kuwa kuchomoa magazini si kutoa risasi zote? Moja inaweza kubaki kwenye chemba, na bastola nyingi hufyatuka hata magazini ikiwa mezani. Utaratibu una mpangilio wake: mtutu uelekee pasipo na mtu, magazini kwanza, kisha vuta slaidi risasi iruke, kisha chungulia chemba na kuipapasa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, utatoa risasi moja na kupakia nyingine papo hapo, huku ukijiaminisha kuwa umemaliza kazi.

Je, wajua kwamba kufuli la kifyatulio halifungwi kwenye silaha iliyojazwa? Lenyewe linaweza kugusa kifyatulio.

Je, wajua kuwa jiji la Washington liliwahi kulazimisha bunduki za nyumbani zifunguliwe vipande au zitiwe kufuli, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa sheria hiyo kwa sababu inamnyima mtu nafasi ya kujilinda? Ndilo lile swali la saa nane usiku. Madaktari wa watoto wa huko bado wanashauri silaha isiwe na risasi, ifungwe, na risasi zifungiwe kwingine. Anayeng'ang'ania kuiweka tayari abaki na njia moja tu ninayoweza kuivumilia: kisanduku cha chuma kando ya kitanda, kilichofungwa kwa bolti, kinachofunguka kwa sekunde chache kwa vitufe au alama ya kidole. Asubuhi, silaha irudi kwenye sefu kubwa. Nao ufunguaji ufanyiwe mazoezi gizani, bastola ikiwa tupu.

Lakini je, wajua visanduku navyo hudanganya? Mwaka 2012, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON, wataalamu wa kufuli walionyesha kuwa baadhi ya sefu ndogo hufunguka kwa kuinuliwa kidogo na kuangushwa. Oktoba 2023 sefu 61,000 hivi za alama za vidole zilirudishwa kutoka sokoni: mwenye sefu alidhani amesajili kidole chake, kumbe inafungukia kidole chochote. Kwa hiyo, siku unayoinunua, mwite jirani ajaribu chake. Mimi napendelea vitufe vya chuma visivyotegemea betri.

Je, wajua kwamba huko Marekani tarehe 21 Juni ni siku ya kuhimiza wazazi waulize, kabla mtoto hajaenda kucheza kwa rafiki, kama nyumba ile ina bunduki isiyofungwa? Kwetu swali hilo lingeonekana utovu wa adabu. Ndugu mlioko Texas na Ohio, ulizeni tu.

Je, wajua kuwa mwaka 2024 baba na mama mmoja wa Michigan walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja, baada ya mtoto wao wa miaka 15 kuua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford mwaka 2021? Baba aliwaambia polisi kuwa bastola ile aliificha kabatini, na risasi akazificha kwingine, chini ya suruali za jinzi. Bunduki zake nyingine zilikuwa ndani ya sefu. Namba ya siri ya sefu hiyo ilikuwa 000.