JE, WAJUA? Ndege iliyotaka kazi ya helikopta

Mwingereza John Edgley alibuni ndege ndogo kwa ajili ya kutazama tu. Ndege hiyo, iitwayo Optica, iliruka mara ya kwanza Desemba 14, 1979. Mbele ina chumba cha kioo kitupu, mithili ya kichwa cha kereng'ende, na watu watatu hukaa sambamba wakiona ardhi hata chini ya miguu yao. Injini na feni yake vipo nyuma, ndani ya bomba pana, hivyo kelele ni kidogo.

Hoja ya mauzo ilikuwa nzuri kweli: polisi, wakaguzi wa mabomba ya mafuta na waokoaji wangeona karibu yote yanayoonekana kutoka kwenye helikopta, kwa gharama ndogo zaidi. Ingeweza kuzunguka kwa saa nyingi kwa mwendo wa kilomita 130 hivi kwa saa.

Lakini Mei 1985 Optica ya polisi wa Hampshire, Uingereza, ilianguka na kuua maofisa wawili. Mwaka huohuo kampuni iliyoiunda ikafilisika. Januari 1987, moto uliowashwa makusudi uliteketeza ndege kadhaa katika kiwanda cha Optica huko Old Sarum, Uingereza. Zilizoundwa zote ni ishirini na ushei tu, idadi ndogo mno kwa ubunifu mzuri kiasi hicho.