Umri wa Mchezaji Usiyemwona

Waulize wazazi wengi gemu za mtandaoni zinachezwa na nani, watakuonyesha kijana wao aliyejiinamia kwenye simu sebuleni. Hawajakosea, ila wameona upande mmoja tu wa gemu. Kwenye timu ile ile anayochezea kijana huyo yumkini kuna mtu mwenye mke, watoto na kazi ya kuwahi asubuhi, na kwa kila mmoja wao mwenzake ni jina tu juu ya kichwa cha mwanajeshi wa kuchorwa.

Mtafiti Nick Yee alianza kuwahoji wachezaji hawa kabla jambo lenyewe halijawa la kawaida. Aliwafuata wa EverQuest, gemu ya mwaka 1999 ambamo maelfu ya watu huingia kwa pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni, na wengine wa gemu za aina hiyo. Katika majibu ya watu wapatao 30,000 aliyoyachapisha mwaka 2006, wastani wa umri ulikuwa kama miaka 26. Vijana wa rika la sekondari walikuwa robo tu. Nusu ya wachezaji walikuwa na ajira ya muda wote, na zaidi ya theluthi walikuwa katika ndoa. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 11, mkubwa 68.

Lakini watu hao walijibu kwa hiari yao, na anayejitolea kujaza dodoso refu si lazima afanane na anayelipita. Mwaka 2008 Dmitri Williams, Yee mwenyewe na Scott Caplan walichapisha utafiti uliopita njia nyingine. Kampuni iliyomiliki EverQuest II iliwaruhusu kuweka maswali ndani ya gemu, na kila aliyejibu alizawadiwa silaha ya kutumia humo humo. Walipata watu wapatao 7,000. Zaidi ya hapo, walifunguliwa kumbukumbu za seva, wakaweza kulinganisha maneno ya mchezaji na saa alizocheza kweli.

Wastani ukatoka miaka 31. Wenye umri wa thelathini na kitu walikuwa wengi kuliko wenye ishirini na kitu, na kadiri umri ulivyopanda ndivyo saa za kucheza zilivyoongezeka. Wanawake walikuwa wachache, ila walicheza kwa muda mrefu kuliko wanaume, na walipoulizwa wanacheza saa ngapi kwa wiki walipunguza hesabu kuliko wanaume walivyopunguza. Naona hili la mwisho ni kubwa kuliko wastani wenyewe. Mtu anayehisi kwamba jamii haimtarajii kuwa mahali fulani hujipunguza anapohesabiwa, na picha ya mchezaji iliyozoeleka ikazidi kuota mizizi.

Hata hivyo wastani wa 31 usitumike kila mahali. EverQuest II ya siku hizo ilihitaji kompyuta nzuri na malipo ya kila mwezi, na kwa kawaida mwenye kadi ya benki ni mtu mzima. Njia ya malipo ilikwisha kuchuja umri kabla mtafiti hajauliza swali lake la kwanza. Mambo yalibadilika mwaka 2017 na 2018, zilipotoka Fortnite Battle Royale, Free Fire na PUBG Mobile. Kuingia ni bure, na mbili za mwisho ziliundwa kwa ajili ya simu. Free Fire hukubali hata simu ya bei nafuu. Mtoto wa Tandale au Kisauni akipata bando, ameingia.

Isitoshe, wastani huficha. Mtoto wa miaka 10 na mtu wa miaka 52 wakicheza timu moja, wastani wao ni 31, na hapo hakuna hata mmoja mwenye miaka 31. Kwa anayejali usalama wa mtoto, cha kujua ni umbali kati ya wawili hao, na kama wanaweza kusemezana.

Je, mchezo wenyewe hauwezi kufichua umri wa mtu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichambua michezo iliyorekodiwa ya watu 3,305 wa gemu ya StarCraft II, wenye miaka 16 hadi 44. Walipima muda unaopita tangu mchezaji ahamishe macho yake sehemu mpya ya uwanja hadi atende jambo. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha wepesi huo ukianza kupungua kwenye miaka 24. Wakubwa walifidia kwa mbinu rahisi zaidi, na kwa kutumia zaidi vitufe vya njia ya mkato. Ndiyo maana kumtambua mtu mmoja mmoja kwa uchezaji wake ni vigumu: kinachopungua kwa umri hufidiwa kwa mbinu.

Serikali zilijaribu njia ya vitambulisho. Korea Kusini, kwa sheria ya mwaka 2011, iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria hiyo iliondolewa kufikia mwaka 2022. China, tangu mwaka 2021, inawaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kote kuwili watoto waligundua mlango ule ule: kitambulisho cha mtu mzima wa nyumbani.

Sasa kampuni zinageukia uso. Mwaka 2025 jukwaa la gemu la Roblox lilitangaza kwamba anayetaka kuongea na wenzake atapimwa umri kwa kamera. Njia hiyo ina faida, ila ripoti ya mwaka 2024 ya NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, iliyopima programu kadhaa za kukadiria umri, ilikuta makosa yakibadilika kulingana na jinsia na eneo alikozaliwa mtu, na karibu kila mara yakiwa makubwa zaidi kwa nyuso za kike. Kampuni zinazoleta kipimo hiki Afrika Mashariki zinapaswa kutuonyesha kwanza kinavyofanya kazi kwa nyuso zetu.

Kampuni isipojali umri wa mchezaji, kuna gharama. Mwaka 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa faini ya dola milioni 275 nchini Marekani. Walidaiwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi, na tuhuma nyingine ilikuwa kuacha maongezi ya sauti na maandishi yakiwa wazi tangu mwanzo, hata kwa watoto, kati yao na wageni.

Kwetu tatizo huanzia kwenye simu. Laini ni ya mama, barua pepe ni ya mama, na mara nyingi tarehe ya kuzaliwa iliyojazwa ni ya mama au ya kubuni. Gemu ikisoma hapo inaona mwanamke wa miaka 38, hivyo inamfungulia maongezi na manunuzi yote. Mzazi aingie kwenye mipangilio ya akaunti, atazame tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote, aweke ya mtoto, na kama haikubali kubadilishwa afungue akaunti mpya kwa umri wa kweli. Mtoto atalia kwa mavazi na silaha alizozipata kwenye ile ya zamani, na ana haki ya kulia, kwani amezihangaikia miezi mingi. Asikilizwe, kisha aulizwe anacheza na nani. Ameshazisikia sauti zao, na huenda anajua umri wao kuliko seva inavyojua.