UFAFANUZI: UZITO WA KUSOMA KICHINA NA NAMNA WATOTO WANAVYOSAIDIWA

Wapo watoto wenye akili timamu, macho mazima na masikio mazima, waliosomeshwa kama wenzao, lakini kusoma na kuandika kukawa mzigo kwao. Hali hiyo huitwa disleksia. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani kwamba Wachina hawana tatizo hilo, kwa kuwa maandishi yao si ya kuunganisha herufi. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 1971, pale Paul Rozin na wenzake walipochukua watoto wa Philadelphia, Marekani, walioshindwa kusoma Kiingereza, wakawafundisha alama 30 za Kichina zilizosomwa kwa maneno ya Kiingereza. Watoto walizimudu kwa muda wa saa chache tu.

Lakini alama 30 si alama 3,000. Mwaka 1982 Harold Stevenson na wenzake waliwalinganisha watoto wa Japani, Taiwan na Marekani, wakakuta wenye uzito wa kusoma mahali pote patatu. Huko Hong Kong, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa asilimia 9.7 ya watoto wa skuli wana disleksia, walio wengi kwa kiwango chepesi.

Ili kuelewa tatizo hilo yafaa kutazama maandishi yenyewe. Mtoto wa Unguja au Pemba akishazijua silabi za Kiswahili, ameshika ufunguo wa kusoma neno lolote, hata asilolijua maana. Chuoni nako akishatofautisha nukta za ba, ta na tha, na akazijua irabu, njia imefunguka. Kichina hakina ufunguo wa namna hiyo. Kila alama husimama kwa silabi moja na maana yake, na mtoto wa China Bara anatarajiwa kumaliza skuli ya msingi akizitambua alama 3,000 na kuweza kuziandika 2,500.

Hata hivyo, alama hizo si michoro ya ovyo. Zilizo nyingi zina pande mbili: upande mmoja hudokeza maana na wa pili hudokeza sauti. Alama ya "mama" ina mwanamke upande wa kushoto na farasi upande wa kulia. Farasi hana jambo lolote na mama. Ameazima sauti yake tu, kwa sababu naye huitwa ma. Alama iitwayo qing ikiwekewa maji huwa "safi", ikiwekewa maneno huwa "kuomba", ikiwekewa jua huwa "anga nyeupe", na ikiwekewa moyo huwa "hisia". Zote hutamkwa qing, kwa mpando wa sauti usiolingana. Tatizo ni kuwa upande wa sauti mara nyingi hudanganya, na maneno ya Kichina yenye matamshi mamoja ni mengi mno.

Uchunguzi wa Connie Ho na wenzake huko Hong Kong umeonyesha kwamba udhaifu unaoonekana zaidi kwa watoto hawa ni wa namna mbili: kuchelewa kutaja jina la kitu wakionacho, na kutoshika mpangilio wa sehemu za alama. Hapo ndipo Kichina kinapoachana na Kiingereza, ambako tatizo kubwa ni kuzitenganisha sauti za neno. Mtoto hugeuza pande za alama, husahau mstari mmoja, au huandika alama nyingine yenye sauti ileile. Mwalimu huona uzembe.

Desturi ya zamani ni kumwamuru mtoto anakili alama moja mara nyingi. Kuandika kwa mkono kuna faida yake. Utafiti wa Tan Li Hai na wenzake wa mwaka 2005, uliofanywa kwa watoto wa Beijing, ulionyesha kuwa kusoma Kichina kunafungamana sana na kuandika. Lakini mtoto anayenakili mstari baada ya mstari kama achoraye picha, asijue pande za alama, hupata uchovu kuliko elimu. Kazi ya nusu saa kwa wenzake humchukua yeye hadi usiku, na malipo yake huwa ni kuitwa mvivu.

Njia inayofaa ni kuivunja alama katika sehemu zake kabla ya kuiandika. Alama husomeshwa kwa jamaa zake, kama ile jamaa ya qing, chache kwa siku, na huchorwa kwa kidole hewani au juu ya mchanga huku zikitamkwa. Maneno nayo hufumuliwa. Dian ni umeme: dianhua, umeme na maneno, ni simu, dianshi, umeme na kuona, ni televisheni, diannao, umeme na ubongo, ni kompyuta. Mtoto aliyelishika dian moja amepata nusu ya maneno matatu. Mwenye mkono mzito hupewa miraba mikubwa ya kuandikia, na asiyeweza kutulia hupewa kazi fupi fupi. Hong Kong pia huwaongezea muda wa mtihani wanaostahiki.

Jambo hili halipo mbali nasi. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, na wako vijana wetu wanaokwenda kusoma China. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiswahili, disleksia huweza kujificha: mtoto husoma sawasawa ila polepole, na hakuna anayeshughulika. Akianza Kichina, ndipo inapodhihirika. Wazee na walimu wa mwanafunzi wa namna hiyo watazame nyuma: je, alisoma Kiswahili kwa kusitasita hata katika madarasa ya juu? Je, chuoni alihifadhi upesi kwa kusikia, lakini akakwama alipowekewa msahafu mbele yake? Majibu hayo apewe mwalimu wa Kichina mapema, kabla ya daftari la kunakili kufunguliwa.