Mzinga na Ushuke, Mtu Asipande

Wasomaji wetu wa Biharamulo na Ngara hawana haja ya kufundishwa kwamba asali ni mali. Wazee wa nchi hizi walitundika mizinga katika miombo tangu zamani, na hata leo mtu apitaye porini huiona mizinga ya magogo imelala juu ya matawi. Lakini liko jambo moja litusikitishalo. Mara kwa mara twasikia habari za mtu aliyekwenda kurina asali kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa nyumbani amebebwa. Amepanda usiku, mkono mmoja umeshika mwenge na mmoja umeshika tawi, nyuki wanamwuma machoni. Akiachilia kidogo tu, ameanguka. Mwenge nao huanguka katika majani makavu, na msitu huteketea. Hivyo katika usiku mmoja mtu aweza kupoteza uzima wake, nyuki wake na miti yake.

Twataka kueleza leo njia ya kuuteremsha mzinga chini kwa roda na kamba, urinwe mtu akiwa amesimama juu ya ardhi. Roda, au kapi kama wengine waitavyo, ni gurudumu dogo lenye mfuo, nao mfuo ndio njia ya kamba. Si jambo geni. Watu wa pwani huipandisha foromali, ule mti mzito uchukuao tanga la jahazi, kwa henza ipitayo katika gofia. Na gofia ni roda. Mafundi wa nyumba huinua ndoo za zege kwa namna iyo hiyo.

Kwanza ijulikane roda yafanya nini. Roda moja iliyofungwa juu ya tawi haipunguzi uzito. Yageuza tu upande wa kuvuta. Mzinga wa kilo 30 wataka nguvu ya kilo 30, na zaidi kidogo kwa ajili ya msuguano. Faida yake ni kwamba mtu huvuta kwenda chini, na uzito wa mwili wake humsaidia.

Mtu akitaka wepesi, atumie roda mbili. Ncha ya kamba hufungwa juu ya tawi; kamba hushuka, hupita katika roda iliyofungwa juu ya mzinga, hupanda tena hata roda ya tawini, kisha hushuka kwa mvutaji. Sasa mzinga umechukuliwa na nyuzi mbili, na mvutaji huona uzito wa kilo 15 tu. Lakini hakuna cha bure: ili mzinga upande mita 8, yampasa avute kamba mita 16. Tena, kwa tawi la mita 8, roda moja yataka kamba ya mita 16, na roda mbili mita 24, pamoja na akiba ya mafundo.

Hapa liko jambo ambalo wengi hawalifahamu, nalo ndilo livunjalo matawi. Mzinga wa kilo 30 ukiinuliwa kwa roda moja, tawi halichukui kilo 30, bali 60, kwa sababu huvutwa na mzinga upande mmoja na mvutaji upande wa pili. Kwa roda mbili huchukua kilo 45. Kwa hiyo tawi lichaguliwe kwa uangalifu: liwe hai, nene kama paja la mtu mzima, lisilo na ufa wala tundu la mchwa. Na kabla ya kutundika mzinga, watu wawili waivute kamba kwa nguvu zao zote ili kulijaribu.

Kufunga roda mtu hupanda mara moja tu, tena mchana, kabla ya kuwako nyuki. Asipande hivi hivi. Afunge mfuko mdogo wa mchanga katika uzi mwembamba, aurushe juu ya tawi zima, kisha kwa uzi huo avute kamba nene ya kumlinda. Mwenzake chini ashike kamba hiyo akiizungusha katika shina la mti wa jirani, na upande wa pili ufungwe katika mshipi imara wa mpandaji. Chini ya kamba ya roda, juu ya gome, liwekwe gunia, ili gome lisikatwe na mti usife.

Sasa kuteremsha. Wawepo watu watatu: mmoja wa kamba, mmoja wa kuuongoza mzinga kwa kamba ya pembeni, na mmoja wa moshi. Jua likikaribia kuzama, kamba izungushwe mara mbili katika shina la mti wa jirani ndipo ifunguliwe. Msuguano wa shina huubeba uzito, na mtu mmoja aweza kuilegeza polepole. Asijifunge kamba mkononi kamwe, wala asisimame mtu chini ya mzinga. Ukishuka kwa kishindo, masega huvunjika na nyuki hukasirika. Ukishuka taratibu, moshi kidogo watosha. Masega yenye watoto yaachwe, kwa kuwa hao ndio nyuki wa kesho.

Mzinga ukining'inia mbali na shina, nyegere hupata taabu kuufikia. Siafu hufuata kamba. Basi ipakwe grisi karibu na mahali ilipofungwa. Jua na mvua huiozesha kamba ya mkonge, kwa hiyo kamba ikaayo porini afadhali iwe nene ya nailoni, nayo ikaguliwe kila msimu. Wakati wa kuibadilisha hakuna haja ya kupanda: mzinga ukiwa chini, ncha ya kamba mpya ishonwe kwa ncha ya kamba kuukuu, kisha ya kale ivutwe, nayo itaiongoza mpya mpaka ipite katika roda.

Twawakumbusha pia wenzetu wa Biharamulo kwamba mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kabla ya kutundika karibu na mipaka yake, mtu amwulize Afisa Nyuki wa wilaya. Na wenzetu wa Ngara wakumbuka jinsi miti mingi ilivyokatwa kwa kuni tangu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo. Mti mkubwa uliosalia ukiwa na mzinga una mlinzi, kwa kuwa mwenyewe hatakubali ukatwe.

Huenda mtu akasema roda na kamba ni gharama. Ni kweli, lakini watu watano au sita wa kijiji waweza kuchanga wanunue roda za kupokezana wakati wa kutundika mizinga mizito, na kila mtu awe na kamba na roda moja ya mti wake. Gharama hiyo na ipimwe na gharama ya baba wa watoto aliyevunjika mgongo. Wazee walisema, aliye juu mngoje chini. Nasi twasema, na mzinga tuungoje chini vivyo hivyo.