Picha ya Wenye Hoteli Ndani ya Hoteli Yao: Mwanga Kwanza, Pozi Baadaye

Mteja anataka pilau ya watu 40 Jumamosi. Umemwambia atume nusu ya pesa kwa till yako ndio uanze kununua nyama. Shida ni kwamba hakujui. Kabla hajaweka PIN, anafungua picha yako ya WhatsApp na kupata sahani ya chakula iliyotolewa kwa intaneti. Hapo wengi hurudi nyuma, na huwezi kuwalaumu. Matapeli nao hutumia picha kama hizo.

Picha yako na mwenzako mkiwa ndani ya hoteli yenu inamwonyesha kwamba ninyi ni watu wa kweli na mko mahali pa kweli. Si lazima uajiri mpiga picha. Simu yako inatosha, bora ufuate hatua hizi.

1. Pangusa kamera

Simu ya mtu wa hoteli huwa na mafuta ya vidole na ya mvuke wa jikoni. Utando huo mdogo ndio hufanya picha iwe na ukungu na taa zitoe miale. Kitambaa laini na kikavu kinatosha.

2. Tafuta mwanga wa mlango

Hoteli nyingi zina taa moja tu juu ya dari. Taa hiyo humulika paji la uso na kuacha macho kwenye kivuli, kwa hivyo mtu anaonekana amechoka hata kama amelala vizuri.

Mwanga mzuri unatoka mlangoni au dirishani. Simameni ndani, kama mita moja na nusu kutoka mlangoni, mkigeuka kidogo kuuelekea. Mpiga picha asimame kando ya mlango, asiuzibe. Msiupe mlango mgongo, la sivyo mtatoka weusi kama vivuli.

Kisha zima taa. Mwanga wa mchana una ubluu, na balbu nyingi za ndani zina unjano. Ukivichanganya, shavu moja linakuwa na rangi yake na la pili na yake. Kama kuna giza sana upande wa pili, mtu ashike karatasi nyeupe ya manila karibu na uso (isionekane kwenye picha). Itarudisha mwanga na kupunguza kivuli.

Saa nne asubuhi hivi ni wakati mzuri. Watu wa chai wameshaondoka na wa chakula cha mchana hawajafika. Kama jua linaingia moja kwa moja, funika mlango kwa pazia jepesi jeupe ndio mwanga utulie.

3. Gusa uso kwenye skrini

Kamera hujaribu kufanya kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Ikiona ukuta mweupe au aproni nyeupe, hupunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi nyeusi inapotea. Gusa uso kwenye skrini. Kwa simu nyingi kitatokea kijialama cha jua. Kisukume juu polepole mpaka sura ionekane vizuri. Na kama jikoni kuna joto, pangusa jasho kwanza kwa tishu, maana paji linalong'aa huvuta macho yote.

4. Panga watu na vitu

Tumia 1x au 2x, usitumie 0.5x. Ile ya 0.5x huvuta watu walio pembeni, mtu akatoka na kichwa kirefu. Ni afadhali mpiga picha arudi nyuma hatua mbili. Simu iwe kimo cha macho yenu.

Mkiwa wawili, mmoja akae na mwingine asimame, vichwa visiwe kimo kimoja. Karibianeni kabisa. WhatsApp hukata picha ya wasifu iwe duara dogo, kwa hivyo mkiachana, mmoja atakatwa sikio. Acheni pia nafasi juu ya vichwa.

Mikono ipewe kazi: mmoja amimine chai, mwingine ashike sinia la chapo. Mtu akiwa na kazi husahau kamera na kutabasamu vizuri zaidi.

Nyuma yenu yaonekane mambo mawili matatu tu ya hoteli, kama kaunta, sufuria kubwa na ubao wa menyu. Ondoeni kreti za soda, ndoo ya deki, na kalenda inayoonekana kama imeota kichwani mwa mtu.

5. Angalia kile kisichofaa kuonekana

Till namba ikionekana hakuna neno, imewekwa hapo ilipiwe. Tena inamsaidia mteja kulinganisha jina analoliona kwenye simu yake na jina la hoteli. Lakini daftari la madeni lenye majina ya watu, kitambulisho, na skrini yenye ujumbe wa malipo viondolewe.

Wateja wanaokula nyuma yenu ni jambo zito. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hiyo ni pesa ya kufunga hoteli. Omba ruhusa, ama upige picha wakati meza ziko tupu.

Piga picha 20, uchague moja. Iangalie ikiwa ndogo, kimo cha ukucha wa kidole gumba, maana hivyo ndivyo mteja ataiona. Kama nyuso zenu bado zinatambulika, iweke leo, kabla oda ya Jumamosi haijaingia.