Salfa yaokoa maua ya mikorosho, udongo je?

MIKOROSHO inapochanua, mkulima wa Masasi au Newala huamka alfajiri kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, kabla upepo haujaanza. Dawa za maji zipo, lakini juu ya Uwanda wa Makonde hata maji ya kunywa ni ya shida.

Kumbe salfa inayoanguka chini hugeuka tindikali. Mwaka 2003 watafiti wa Naliendele, Mtwara, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti kuhusu suala hilo. Udongo wa kichanga ndio unaochachuka upesi, na anayechanganya mahindi na mikorosho michanga ana haki ya kuhofu.

Kabla ya kununua mfuko mwingine, pogoa maotea yaliyo ndani ya mti. Ubwiriunga hujificha humo ukisubiri maua.